Lugha katika Mafunzo kwa Vitendo ya Usuluhishi wa Kimataifa: Nafasi ya Kiswahili kwa Wanafunzi wa Sheria wa Afrika Mashariki

Ikisiri

Nchi za Afrika Mashariki zimejiwekea sheria na vituo vya usuluhishi wa migogoro ya biashara ya kimataifa. Hata hivyo, mwanafunzi wa sheria anayeandaliwa kwa kazi hiyo hufunzwa zaidi kwa Kiingereza au Kifaransa, ilhali sehemu kubwa ya biashara inayozaa migogoro hiyo huzungumzwa kwa Kiswahili. Makala hii inafafanua namna mafunzo kwa vitendo yanavyoendeshwa, kwa kutumia mfano wa shindano la Willem C. Vis la Vienna, kisha inaonyesha kwamba stadi zinazojengwa katika mafunzo hayo kwa kiasi kikubwa ni stadi za lugha. Makala inabainisha mkanganyiko wa istilahi unaoweza kukipotezea kifungu cha mkataba nguvu yake, inachambua matatizo ya ushahidi unaotolewa kwa Kiswahili, na inapendekeza kuanzishwa kwa shindano la kikanda la usuluhishi wa kuigiza linaloendeshwa kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mkataba wa biashara ukivuka mpaka, mgogoro wake nao huvuka. Muuzaji wa Kampala hapendi kushtakiwa katika mahakama za nyumbani kwa mnunuzi wake, na mnunuzi naye hapendi kushtakiwa Kampala. Kwa sababu hiyo, wahusika huweka katika mkataba kifungu kinachopeleka mgogoro kwa msuluhishi mmoja au watatu ambao si mahakimu wa upande wowote, na ambao uamuzi wao ni wa mwisho. Uamuzi huo, unaoitwa tuzo, hupata nguvu ya kutekelezwa nje ya nchi ulikotolewa kupitia Mkataba wa New York wa tarehe 10 Juni 1958. Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 1964, Kenya mwaka 1989, Uganda mwaka 1992, Rwanda mwaka 2008, na Burundi pamoja na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2014.

Vituo navyo vimeongezeka. Kituo cha usuluhishi cha Kigali kilizinduliwa mwaka 2012, na kile cha Nairobi kiliundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki yenyewe, kwa mujibu wa Ibara ya 32 ya Mkataba wa kuanzisha Jumuiya, ina mamlaka ya kusuluhisha migogoro inayotokana na mikataba ya biashara iwapo wahusika wameipa mamlaka hayo.

Hata hivyo, kuwa na sheria na majengo si sawa na kuwa na wataalamu. Gharama ya kukosa wataalamu ilionekana wazi katika shauri la kampuni ya P&ID dhidi ya Nigeria. Mwaka 2017 wasuluhishi waliokaa London waliipa kampuni hiyo tuzo ya dola za Marekani bilioni 6.6 kutokana na mkataba wa gesi wa mwaka 2010. Pamoja na riba, deni lilipita dola bilioni 11. Mwaka 2023 mahakama ya Uingereza iliitengua tuzo hiyo baada ya kuthibitika kwamba ilipatikana kwa udanganyifu. Jaji hakuishia hapo. Alieleza pia wasiwasi wake kuhusu namna mchakato wa usuluhishi unavyoweza kushindwa kulinda maslahi ya umma pale ambapo upande mmoja ni dola na kiasi kinachogombewa ni kikubwa. Somo kwa nchi za ukanda huu halihitaji ufafanuzi mrefu: wakili asiyejua kuuliza swali sahihi kwa wakati sahihi anaweza kuigharimu nchi nzima.

2.0 Neno Moja, Taratibu Mbili

Kabla ya kuzungumzia mafunzo, ni lazima kulitazama neno lenyewe. Kiswahili cha sheria kinatumia neno usuluhishi kwa taratibu mbili zinazotofautiana sana. Katika utaratibu wa kwanza, mtu wa tatu huwasaidia wahusika kuzungumza hadi wakubaliane. Asipofanikiwa, hakuna uamuzi. Katika utaratibu wa pili, mtu wa tatu husikiliza ushahidi na kutoa uamuzi unaowafunga wahusika, wapende wasipende.

Tanzania inatoa mfano mzuri wa mkanganyiko huu. Sheria iliyotungwa mwaka 2020 kuhusu utaratibu wa pili inajulikana kwa Kiswahili kuwa Sheria ya Usuluhishi. Wakati huohuo, chombo cha migogoro ya kazi kilichoundwa chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinaitwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Katika jina la Tume, usuluhishi ni ule utaratibu wa kwanza wa kupatanisha, na ule wa pili umepewa jina la uamuzi. Neno lilelile, ndani ya nchi ileile, linataja kitu kimoja katika sheria ya biashara na kitu kingine katika sheria ya kazi.

Athari yake huonekana katika kuandika mkataba. Chukulia mkataba wa kuuza mahindi ulioandikwa kwa Kiswahili, wenye kifungu kisemacho: "Mgogoro wowote utapelekwa kwenye usuluhishi." Upande mmoja unaweza kudai mahakamani kwamba wahusika walikubali kupatanishwa tu, hivyo mahakama bado ina mamlaka ya kusikiliza kesi. Upande wa pili utadai kwamba walikubali uamuzi wa mwisho. Mahakama ikikubaliana na upande wa kwanza, hakuna tuzo, na pasipo tuzo Mkataba wa New York hauna la kutekeleza. Neno moja litakuwa limeamua hatima ya deni zima.

Katika makala hii, usuluhishi unamaanisha utaratibu unaoishia kwenye uamuzi unaowafunga wahusika, na upatanishi unamaanisha utaratibu wa kuwasaidia kukubaliana. Hadi istilahi zitakaposawazishwa, mwandishi wa mkataba anashauriwa asitegemee jina la utaratibu peke yake, bali ataje kazi yake: kwamba msuluhishi atatoa uamuzi wa mwisho unaowafunga wahusika wote.

3.0 Mafunzo kwa Vitendo Yanavyoendeshwa

Usuluhishi ni vigumu kufundishwa kwa mihadhara pekee. Kesi ya mahakamani husikilizwa hadharani na mwanafunzi anaweza kwenda kuketi na kutazama, lakini mashauri ya usuluhishi wa biashara kwa kawaida husikilizwa faraghani, na tuzo zake nyingi hazichapishwi. Kwa hiyo vyuo vya sheria duniani vimetegemea mashauri ya kuigiza, ambamo wanafunzi hupewa mgogoro wa kubuni na kuuendesha kama mawakili.

Shindano linalojulikana zaidi ni lile lenye jina la Willem C. Vis, linalofanyika Vienna tangu mwaka wa masomo wa 1993/1994. Shindano dada hufanyika Hong Kong. Katika miaka ya karibuni, shindano la Vienna limekuwa likivuta timu zaidi ya 300 kutoka vyuo vikuu vya mabara yote.

Utaratibu wake unastahili kuelezwa kwa hatua, kwa kuwa humo ndimo thamani yake ilimo. Mwanzoni mwa mwezi Oktoba, jalada la mgogoro hutolewa: barua za wahusika, mkataba, maelezo ya mashahidi na maagizo ya wasuluhishi. Jalada huwa na masuala ya aina mbili. La kwanza ni la utaratibu, kwa mfano iwapo wasuluhishi wana mamlaka, au iwapo ushahidi fulani ukubaliwe. La pili ni la kiini cha mgogoro, ambalo kwa kawaida huamuliwa kwa Mkataba wa Vienna wa mwaka 1980 kuhusu mauzo ya kimataifa ya bidhaa. Mwezi Desemba kila timu huwasilisha hati ya hoja za mdai. Kisha hupewa hati ya timu nyingine, na mwezi Januari huijibu kwa niaba ya mdaiwa. Katika majira yanayotangulia Pasaka, timu hukutana Vienna na kutoa hoja za mdomo mbele ya mabaraza ya wasuluhishi, ambao wengi wao ni mawakili na wasomi wanaofanya kazi hiyo kweli. Katika raundi za awali, timu hutetea upande wa mdai mara mbili na upande wa mdaiwa mara mbili.

Hapo pana jambo la kuzingatiwa. Mwanafunzi aliyetumia miezi miwili kujenga hoja za mdai hulazimika kuzibomoa hoja hizohizo. Anajifunza kwamba ukweli wa jalada ni uleule, lakini mpangilio wa maneno hubadilisha uzito wake. Kifungu alichokipita haraka mwezi Novemba hugeuka nguzo ya utetezi mwezi Januari.

Kwa wanafunzi wa ukanda huu kuna ugumu wa ziada. Uganda na Burundi ni wanachama wa Mkataba wa Vienna wa 1980, lakini Kenya na Tanzania si wanachama. Mwanafunzi wa Nairobi au Dar es Salaam huusoma kama sheria ya kigeni. Mwanafunzi wa Kongo anatoka katika nchi iliyojiunga na mfumo wa sheria za biashara wa OHADA mwaka 2012, na huja na mantiki ya sheria iliyojengwa kwa Kifaransa. Lugha ya shindano ni Kiingereza kwa wote.

4.0 Stadi Zinazojengwa ni Stadi za Lugha

Orodha ya yale anayojifunza mwanafunzi katika zoezi hili ikipangwa, sehemu yake kubwa inaangukia katika taaluma ya lugha: kusoma kwa udadisi, kufupisha, kutofautisha madai na ushahidi, kujibu swali lililoulizwa badala ya lile lililotarajiwa, na kukubali udhaifu wa hoja ndogo ili kuilinda hoja kubwa.

Shauri la Biwater Gauff dhidi ya Tanzania linafaa kuwa zoezi la darasani. Mgogoro huo ulitokana na mkataba wa huduma za maji Dar es Salaam uliovunjika mwaka 2005. Katika tuzo ya tarehe 24 Julai 2008, wasuluhishi waliona kwamba Tanzania ilikiuka baadhi ya wajibu wake chini ya mkataba wa ulinzi wa vitega uchumi kati yake na Uingereza, lakini hawakuipa kampuni fidia yoyote, kwa kuwa haikuthibitika kwamba ukiukaji huo ndio uliosababisha hasara iliyodaiwa.

Mwanafunzi anayeelezwa matokeo haya mara nyingi huuliza: nani alishinda basi? Swali hilo ndilo mlango wa somo. Ili kulijibu, ni lazima atenganishe dhana tatu ambazo mazungumzo ya kawaida huzichanganya: ukiukaji, usababisho na hasara. Akiweza kuzieleza dhana hizo kwa Kiswahili kinachoeleweka kwa mkuu wa wizara, kwa mbunge na kwa mlipa kodi, amezielewa. Akishindwa, huenda alichonacho ni istilahi za Kiingereza alizozikariri. Kwa maana hiyo, kufundisha kwa lugha mbili ni kipimo cha uelewa pia, mbali na kuwa alama ya kuthamini lugha.

5.0 Shahidi Anapozungumza Kiswahili

Sheria ya Mfano iliyoandaliwa na Tume ya Umoja wa Mataifa ya Sheria ya Biashara ya Kimataifa mwaka 1985, ambayo imeathiri sheria za usuluhishi za Kenya, Uganda na Rwanda, inawapa wahusika uhuru wa kuchagua lugha ya shauri katika Ibara ya 22. Wasipochagua, wasuluhishi huamua. Nayo Ibara ya IV ya Mkataba wa New York inamtaka anayeomba utekelezaji alete tafsiri iliyothibitishwa endapo tuzo haikuandikwa kwa lugha rasmi ya nchi husika. Kwa hiyo, kisheria, hakuna kinachozuia shauri kuendeshwa kwa Kiswahili. Kinachokosekana ni watu walioandaliwa.

Hata pale shauri linapoendeshwa kwa Kiingereza, Kiswahili huingia kupitia mlango wa ushahidi. Dereva wa lori, mtunza ghala, wakala wa forodha na mfanyabiashara wa mpakani huwasiliana kwa Kiswahili, na ujumbe wao wa simu ndio unaogeuka kuwa vielelezo. Mifano miwili inatosha.

Mfano wa kwanza ni wa saa. Shahidi anaposema taarifa ya kasoro ilitumwa "saa mbili usiku," anamaanisha saa ambayo Kiingereza huiita ya nane. Mkalimani asiye makini akitafsiri namba badala ya wakati, taarifa itaonekana kutumwa saa sita tofauti na ilivyokuwa, pengine hata katika tarehe nyingine. Katika mgogoro unaohusu muda wa kutoa taarifa au kufungwa kwa ofisi za forodha, kosa hilo si dogo.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Mnunuzi anatuma ujumbe: "Bei imepanda, sasa ni dola 400 kwa tani." Muuzaji anajibu: "Sawa." Je, amekubali bei mpya, au amesema tu kwamba ameusikia ujumbe? Wazungumzaji wa Kiswahili hutumia sawa, haya na hamna shida kwa maana zote mbili, na muktadha ndio huamua. Ibara ya 18 ya Mkataba wa Vienna wa 1980 inahitaji kauli au tendo linaloonyesha ridhaa, na inaeleza kuwa ukimya peke yake si ridhaa. Ibara ya 8 inaelekeza kauli itafsiriwe kwa nia ya msemaji pale ambapo mwenzake aliijua au hakuweza kutoijua. Isipowezekana, itafsiriwe kama ambavyo ingeeleweka kwa mtu mwenye busara wa aina ileile ya yule mwenzake, katika mazingira yaleyale.

Mtu huyo mwenye busara, katika mfano huu, ni mfanyabiashara anayezungumza Kiswahili. Wakili aliyefunzwa kwa Kiingereza pekee ataiandika sawa kuwa neno la kukubali na kuendelea. Wakili aliyefunzwa kutazama lugha atauliza: kabla ya siku hiyo, muuzaji huyu alikuwa akiandika nini alipokubali kweli? Je, alikuwa akitaja kiasi na tarehe? Baada ya kujibu sawa, alipakia mzigo au alinyamaza? Maswali hayo ni ya sheria na ya pragmatiki kwa wakati mmoja, na jibu lake linaweza kuwa na thamani ya shehena nzima.

6.0 Uzoefu wa Lugha Nyingine na Pingamizi Zake

Wazungumzaji wa lugha nyingine hawakuliacha suala hili kwa Kiingereza. Tangu mwaka 2009, Chuo Kikuu cha Carlos III cha Madrid kimekuwa na shindano la usuluhishi linaloendeshwa kwa Kihispania. Brazili ina shindano lake kwa Kireno, na Paris kuna shindano kwa Kifaransa. Wanafunzi wa lugha hizo hawajaacha kwenda Vienna. Wameongeza uwanja wa pili.

Inaweza kupingwa kwamba Kihispania na Kifaransa zina karne nyingi za maandishi ya sheria, na kwamba Kiswahili hakijafika huko. Pingamizi hili lina uzito. Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama kwa marekebisho ya mwaka 2021, na kazi ya kutafsiri sheria na kuandika hukumu kwa Kiswahili bado ni changa. Ibara ya 46 ya Mkataba wa Jumuiya inaitaja lugha ya Mahakama ya Afrika Mashariki kuwa Kiingereza. Lakini istilahi hazikomai kamusini. Hukomaa zinapotumiwa na watu wanaobishana. Shindano ambalo timu moja inalazimika kuishawishi nyingine kuhusu tofauti ya usuluhishi na upatanishi ni mahali pazuri pa kujaribia istilahi kabla hazijaingizwa katika mikataba yenye fedha za kweli.

Pingamizi la pili ni la gharama. Safari ya Vienna kwa timu ya wanafunzi, pamoja na viza na malazi, ni mzigo kwa vyuo vingi vya ukanda. Hilo linaipa nguvu hoja ya shindano la karibu. Aidha, shindano la Vis lilipofanyika kwa njia ya mtandao mwaka 2020 na 2021 kutokana na janga la Uviko-19, ilionekana kwamba hoja za mdomo zinaweza kusikilizwa bila watu kusafiri.

7.0 Mapendekezo

Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar, ikishirikiana na mabaraza ya lugha na vyama vya mawakili, isawazishe istilahi chache za msingi: jina la kila utaratibu, la mwamuzi wake, la uamuzi wake, na la mahali pa kisheria pa shauri. Neno tuzo nalo liangaliwe, kwa kuwa msikilizaji wa kawaida hulielewa kuwa ni zawadi.

Pili, vyuo vikuu vya nchi jirani vianzishe shindano la kikanda la usuluhishi wa kuigiza kwa Kiswahili, lenye jalada linalotokana na biashara halisi ya ukanda: kahawa, nafaka, usafirishaji na nishati. Jalada liwe na ujumbe wa simu na maelezo ya mashahidi katika lahaja na mitindo mbalimbali, kuanzia Mombasa hadi Bukavu. Utaratibu wa kutetea pande zote mbili udumishwe, maana ndio moyo wa mafunzo.

Tatu, wanafunzi wa ukalimani washirikishwe katika mashauri hayo, ili wakili ajifunze kumtumia mkalimani na mkalimani ajifunze uzito wa neno katika ushahidi.

Nne, idara za Kiswahili na za sheria ziandae kwa pamoja muhtasari wa Kiswahili wa tuzo zilizochapishwa ambazo nchi za ukanda zilikuwa wahusika, shauri la Biwater likiwa miongoni mwa ya mwanzo.

8.0 Hitimisho

Mafunzo kwa vitendo ya usuluhishi wa kimataifa humwandaa mwanafunzi kusoma, kuandika, kusikiliza na kujibu chini ya shinikizo. Mwaka 2021 wakuu wa nchi wa Jumuiya waliridhia Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Uamuzi huo utabaki maandishi matupu iwapo mawakili wa ukanda hawatakuwa na uwezo wa kuutetea mkataba ulioandikwa kwa lugha hiyo. Wafanyabiashara hawatasubiri: tayari wanaagizana mizigo, wanapandishiana bei na kujibizana "sawa" kwa Kiswahili kila siku. Vyuo vya sheria na idara za lugha vina wajibu wa kuwaandaa watakaoeleza, mgogoro utakapozuka, neno hilo lilimaanisha nini.